Kutaja kitabu chako si aibu, lakini kuna adabu zake

Kuna jambo ambalo limekuwa likisemwa pembeni pembeni kila jumuiya zetu za huku nje zinapokutana, na tunaona umefika wakati lisemwe hadharani. Nalo ni hili la waandishi wetu na vitabu vyao. Siku hizi ni nadra kwenda kwenye mkutano wa jumuiya, sherehe ya Uhuru, Baraza la Idi au hata arusi, iwe London, Muscat, Toronto au Houston, usimkute ndugu mmoja ana mfuko wa vitabu alivyoviandika mwenyewe. Wengine tunawafurahia na tunawafuata wenyewe. Wengine, tukiwaona wanakuja upande wetu, tunajifanya tuko kwenye simu.

Wanaolalamika wanasema kwa neno moja tu: huyu anajipigia debe. Nao waandishi, ukiwasikiliza, wanalalamika kwamba Waswahili hawasomi, na kwamba mtu anaweza kutumia miaka minne kuandika kitabu halafu watu wake mwenyewe wakaona tabu kutoa bei ya sahani moja ya biriani. Sisi tumewasikiliza wote wawili. Tunaona kila upande una hoja yake, ila lawama kubwa imepelekwa mahali pasipostahili. Mwandishi analaumiwa kwa kutaja kitabu chake, jambo ambalo ni haki yake. Halafu yale ambayo kweli ni utovu wa adabu yanapita bila mtu kuyasema.

Tuanze na ile methali inayotumika kuwanyamazisha watu: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatuna ugomvi na wazee waliotuachia methali hii. Kwa embe inafaa, kwa samaki inafaa, kwa maana samaki ukimwona macho na mashavu umeshajua. Lakini kitabu ni kitu kilichofungwa. Jalada halina harufu. Utajuaje kwamba ni kizuri kama hujaambiwa kwamba kipo?

Angalieni habari ya Abdulrazak Gurnah. Huyu ni mtoto wa Unguja, kazaliwa mwaka 1948. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Mwaka 1994 riwaya yake ya Paradise iliingia katika orodha ya mwisho ya kuwania tuzo ya Booker hapo Uingereza. Hadi anapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi Oktoba 2021 alikuwa ameshachapisha riwaya 10. Tuulizane kwa ukweli, ndugu zetu: ni wangapi miongoni mwetu, hata tulioko huko huko Uingereza anakoishi, tulikuwa tumesoma hata moja kabla ya siku ile? Na kwa Kiswahili hiyo Paradise imekuja kutoka mwaka 2022, kwa jina la Peponi, ikiwa imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota. Kizuri kilikuwepo miaka 34 na hakikujiuza kwetu. Sasa kama ya Gurnah yalikuwa hivyo, huyo ndugu yetu anayeendesha basi usiku na kuandika mashairi mchana atafikaje kwa msomaji akikaa kimya?

Na hali ya biashara yenyewe ya vitabu vya Kiswahili mnaijua. Wachapishaji wengi wa Dar es Salaam na Nairobi wanaishi kwa vitabu vya shule. Riwaya isipoingia kwenye mtaala, inachapwa nakala chache na kusahaulika. Ndiyo maana tangu zamani waandishi wengine waliamua kujitegemea. Marehemu Ben Mtobwa, kwa mfano, alikuwa na kampuni yake ya Heko. Huku nje ndiyo kabisa. Duka la vitabu vya Kiswahili unaweza kulitafuta mji mzima usilione. Kwa hiyo mwandishi anaporudi kutoka nyumbani anapanga sanduku: nakala 40 za kitabu cha kurasa 200 ni kama kilo 10 au zaidi, katika zile kilo 23 ambazo mashirika mengi ya ndege yanaruhusu. Maana yake amewaacha dagaa, amewaacha viungo vya pilau, ameziacha kanga za wifi yake, akabeba karatasi. Mtu kama huyo akisimama akasema "nina kitabu", tunaona anastahili angalau kusikilizwa.

Basi adabu iko wapi? Kwetu sisi adabu ya kwanza ni kwamba mwandishi ajitaje kwa jina lake. Na hili hatukulitoa kwa Wazungu. Watunzi wetu wa tenzi walikuwa na desturi nzuri sana. Mwisho wa utenzi mtunzi anajitambulisha, anataja mwaka, mara nyingine anataja hata idadi ya beti, halafu anaomba radhi kwa makosa na kumuomba msomaji amsahihishe na amuombee dua. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858 naye alifuata njia hiyo, na alipofika mahali pa kujieleza hakujipa cheo chochote, alijieleza kama mja mnyonge mwenye kuhitaji rehema. Hakuna aliyesema Mwana Kupona kajipigia debe. Alikuwa anamwambia msomaji: kazi hii ni yangu, kama kuna kombo ni langu pia. Zaidi ya miaka 160 imepita na bado anasomwa.

Kuna watakaosema kwamba si washairi wote walikuwa wanyenyekevu. Ni kweli. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijigamba mpaka basi, na majigambo yalikuwa sehemu ya ushairi wenyewe, hasa wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu. Lakini Muyaka alijigamba waziwazi, kila mtu anajua ni Muyaka anayesema, na aliyeudhika alikuwa na nafasi ya kumjibu kwa shairi. Majigambo ya namna hiyo hayamdanganyi mtu. Ni kama mpiga ngoma anayesema hakuna kama yeye. Unacheka, halafu unangoja umsikie akipiga.

Kinachoudhi ni sifa zinazovaa kanzu ya mtu mwingine. Hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ugonjwa huu ni wa zamani na umewakumba hata wakubwa. Walt Whitman, mshairi mkubwa wa Marekani, alipotoa kitabu chake cha Leaves of Grass mwaka 1855 aliandika mwenyewe tahakiki za kukisifu na kuzipeleka magazetini bila jina. Haikumtosha. Mwanafalsafa Emerson alikuwa amemwandikia barua ya faragha ya kumpongeza. Whitman akaiachia ichapwe gazetini Oktoba mwaka huo huo bila kumuomba ruhusa mwenyewe, na toleo la mwaka 1856 likatoka na maneno ya barua ile yameandikwa mgongoni mwa kitabu kwa herufi za dhahabu. Kabla yake Walter Scott wa Scotland naye alikuwa amehakiki kazi yake mwenyewe bila jina, mwaka 1817. Na mwaka 1963 Anthony Burgess, aliyekuwa akihakiki vitabu katika gazeti la Yorkshire Post, alihakiki riwaya aliyoitoa kwa jina la bandia la Joseph Kell, bila kuwaambia wasomaji kwamba Kell ni yeye. Gazeti likamwachisha kazi.

Wengine watasema hayo ya kale yameshapita. Hayajapita. Mwaka 2010 mwanahistoria wa Uingereza Orlando Figes alikutwa ameandika, kwa majina ya bandia katika duka la Amazon, maoni ya kusifu kitabu chake na ya kuponda vitabu vya wenzake. Kwanza mwanasheria wake alikana, halafu mke wake akasema ni yeye aliyeandika, mwishowe Figes akakiri mwenyewe na akawalipa fidia wenzake wawili. Miaka miwili baadaye, 2012, mwandishi wa riwaya za upelelezi R. J. Ellory naye akakiri mchezo huo huo. Tazameni ajabu ya mambo haya: wote hao ni watu wanaojua kuandika, vitabu vyao vilikuwa vinauzwa, hawakuwa na dhiki ya msomaji. Ni uchu tu wa sifa. Na siku ya kubainika, msomaji hajiulizi tena kama kitabu ni kizuri. Anajiuliza ni nini kingine alichodanganywa.

Ndugu zetu mlioko Marekani na Uingereza, mjue pia kwamba jambo hili sasa limeingia kwenye sheria. Marekani iliweka kanuni ya kupiga marufuku maoni ya uongo ya wateja, ikaanza kazi Oktoba 2024. Uingereza nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2024, marufuku kama hiyo ilianza Aprili 2025. Kwa hiyo mwenye kuuza kitabu halafu akajifanya mteja aliyefurahishwa, asidhani ni utani wa barazani.

Kwetu mchezo huu una sura yake. Mara nyingi huwa hauna hata haja ya jina la bandia. Unamkuta bwana mmoja anasimama ukumbini, anasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba amesoma kitabu fulani na usiku hakulala, na kwamba kila Mswahili anapaswa kuwa nacho nyumbani. Watu wanaguswa, wananunua. Wiki ya pili unaambiwa bwana yule ni shemeji yake mwandishi. Hakuna ubaya shemeji kusifu, na nani atakusifu kama si shemeji? Lakini aseme: "Mimi ni shemeji yake, kwa hiyo mnisikilize mkijua hivyo." Maneno tisa tu, na watu wangenunua vilevile, pengine kwa kicheko. Ni hivyo hivyo kwa dibaji. Siku hizi tunaona dibaji zilizoandikwa na watu ambao ukizisoma unatambua hawakufika ukurasa wa 20. Msomaji wa Kiswahili si mjinga. Akishadanganywa na dibaji mbili tatu hazisomi tena, hata ile iliyoandikwa kwa haki.

Adabu ya pili ni mahali na wakati. Hapa hatutasema mengi kwa sababu kila mtu aliyelelewa anajua. Matangani si mahali pa kuuza kitabu. Kwenye hitma watu wamekuja kumsomea marehemu, na hata kama kitabu chako ni cha dini, hata kama marehemu alikipenda, kiache ndani ya gari. Tulishuhudia mwaka mmoja mwandishi akigawa vikaratasi vya kutangaza kitabu chake mlangoni watu wanapotoka kutoa mkono wa pole. Mzee mmoja alikipokea, akakisoma mpaka mwisho, akamwita taratibu: "Njoo, mwanangu. Kitabu chako nitakinunua. Lakini leo mrudishe mkono mfukoni." Hakumfokea, wala hakumwaibisha mbele za watu. Tunavyojua yule mzee alikinunua kweli.

Baya zaidi ya hilo, kwa maoni yetu, ni kuiteka siku ya mwenzako. Mtu anazindua kitabu chake, amekodi ukumbi kwa pesa yake, amepika sambusa na visheti, halafu katika kipindi cha maswali anasimama mwandishi mwingine na "swali" linaloanza na "mimi katika kitabu changu". Dakika kumi zinapita, swali halijafika. Waendesha shughuli wanaona haya kumkatiza kwa kuwa ni mtu mzima. Sisi tungewashauri wasione haya. Neno la heshima lipo: "Ahsante kaka, kitabu chako tutakizungumzia siku yake, leo ni siku ya dada." Anayeelewa atakaa.

Kuna suala la vikundi vya kusoma, na hili tunaona ni gumu kuliko yote. Vikundi hivi, watu wanane au kumi wanaokutana sebuleni kwa mmoja wao mara moja kwa mwezi, ni neema kubwa kwa Kiswahili huku ugenini. Watoto wanasikia wakubwa wakibishana kwa Kiswahili juu ya Kezilahabi au Adam Shafi, na hiyo peke yake ni shule. Mwandishi akiwa mwanachama wa kikundi, je, ataje kitabu chake? Wapo wanaosema asikitaje kabisa. Sisi hatukubaliani nao. Akitaje mara moja, aseme bei yake, akiweke mezani, kisha arudi kuwa msomaji kama wenzake. Kama mwezi mzima hajasema lolote juu ya vitabu vya wengine, na neno lake la kwanza ni juu ya chake, watu watamwona mchuuzi, na hawatakuwa wamekosea. Lakini yule ambaye mmezoea kumsikia akichambua vitabu vya wenzake kwa uadilifu, siku akisema na mimi nimeandika, mtakuwa na hamu ya kuona yeye mwenyewe ameweza nini.

Na kikundi kikiamua kukisoma kitabu chake, basi mwandishi afanye jambo moja ambalo ni zito sana kwa binadamu: achelewe. Kikundi kikutane saa moja bila yeye, watu waseme ya moyoni, kwamba sura ya tatu imelala, kwamba mhusika fulani anaongea kama kamusi. Kisha yeye aje, anywe chai, ajibu maswali. Sisi Waswahili tuna aibu ya macho. Mwandishi akiwa amekaa kochi la mbele, utasikia "kitabu kizuri sana, mashallah" kumi, na hakuna mtu aliyejifunza kitu, yeye mwenyewe kuliko wote. Na akitokea mmoja mwenye ujasiri wa kumkosoa, mwandishi asianze kumfahamisha kwamba hakuelewa. Kama msomaji hakuelewa, hiyo ni habari, tena ya bure. Watu wengine huku wanalipa pesa nyingi kuipata.

Tuseme neno juu ya dada zetu, kwa sababu hii kauli ya kujipigia debe haiwapigi watu wote sawasawa. Mwanamume akitangaza kitabu chake anaambiwa ana kiherehere, yanaisha. Mwanamke akifanya hivyo hivyo anaambiwa hana haya, na mara maneno yanafika kwa mumewe au kwa ami zake. Tunawajua waandishi wanawake wenye miswada iliyokamilika ambayo hawathubutu kuitaja mbele za watu, wanangoja mtu mwingine awatajie. Hao tunawaambia wasingoje. Mwana Kupona aliyetajwa hapo juu alikuwa mwanamke wa Pate aliyetunga akiwa mgonjwa, na alijitaja.

Sasa zamu ya sisi wasomaji, maana si haki kuwasema waandishi peke yao. Kuna kauli moja ambayo kila mwandishi wa Kiswahili ameisikia mpaka amechoka: "Nakala yangu iko wapi?" Anayeuliza ni rafiki, ni jirani wa zamani wa Kariakoo au Mwembetanga, na hana nia mbaya. Lakini hebu tufikiri. Rafiki yako akifungua mgahawa, siku ya kwanza unakwenda kula bure au unakwenda kumuunga mkono? Kama una mapenzi naye, nunua mbili, moja umpelekee mama yako. Kuna na hawa wanaopiga picha kurasa zote na kuzisambaza, wakiona wamemfanyia mwandishi hisani ya kumtangaza. Hiyo si hisani. Kama mwandishi ametaka kazi yake isomwe bure atasema mwenyewe, na wapo waliofanya hivyo kwa hiari yao.

Kinyume chake nacho kipo: mwandishi anakukabidhi kitabu kwa tabasamu, amekitia saini na jina lako, unashukuru unadhani zawadi, halafu baada ya siku tatu unapigiwa simu ya kuulizwa pesa. Hili liishe. Bei isemwe kabla kitabu hakijabadilisha mkono. Na saini iwekwe baada ya malipo, maana kitabu chenye jina la mtu hakiwezi kurudishwa.

Pia msomaji asiseme amesoma kama hajasoma. Mwandishi anakuuliza umekionaje, unamwambia kizuri, anakuuliza na ule mwisho je, unaanza kukohoa. Sema tu: "Bado, lakini kiko kitandani." Hakuna mwandishi aliyekufa kwa kuambiwa bado.

Mwisho tunalo ombi kwa viongozi wa jumuiya zetu, hasa wanaopanga sherehe za Desemba, za Uhuru wa Tanganyika tarehe 9 na za Jamhuri ya Kenya tarehe 12. Wekeni meza ya vitabu. Iwe karibu na chakula, si kule nyuma karibu na vyoo. Kila mwandishi apewe dakika tatu za kusimama kwenye maikrofoni, aseme jina lake, kitabu kinahusu nini na bei yake, bila kumtukana aliyetangulia. Awepo kijana wa kupokea pesa, ili mwandishi asihangaike na chenji huku anatia saini. Wenye vitabu vya ndugu zao walioko nyumbani, ambao hawana viza ya kuja kujisemea, nao wapewe nafasi kwenye meza hiyo hiyo. Zikiisha dakika tatu muziki uwekwe, na asitokee mtu wa kutufuata na kitabu tukiwa tunacheza.